Safu ya Themanini

Oulu, Februari 1974

Kadi ina safu themanini, basi.
Humo mtu aingie mzima:
jina, cheo, idara, ghorofa,
mlango unafungukia upande gani,
kabati ngapi, za mbao au za chuma,
simu anayo au huazima ya jirani.
Mkurugenzi Hyry anataka, kabla ya Mei,
mashine ijibu yenyewe, sisi tusibishane:
jiji linahitaji mita ngapi za sakafu
leo, mwakani, na mwaka wa themanini na tano.

Karani, mita saba na nusu.
Mhandisi, kumi na mbili, kwa ajili ya michoro.
Mkuu wa idara, kumi na nane, na zulia.
Nikauliza zulia linaingia safu ipi.
Hakucheka mtu.

Tukatoka na futikamba,
Tuulikki kashika ncha moja, mimi nyingine,
tukalipima jengo kama mafundi cherehani
na mteja asiyejua atashonewa nini.
Nje theluji imefika madirishani.
Bwana Raappana wa kodi ya viwanja
alisogeza kabati usiku, sentimita arobaini,
chumba kionekane kidogo;
alama za miguu ya kabati zilibaki sakafuni,
nne, nyeupe, zikimsema.
Mama wa chumba cha ramani
alitukaribisha kahawa na mkate wa iliki.
"Mnaongeza au mnapunguza?"
"Tunahesabu tu," tukasema.
Akaondoa sahani.

Na haki yake.
Akufukuzaye hakwambii toka:
hukupunguzia mita.

Ghorofa ya chini, penye ubao wa simu,
yupo Saimi, tangu mwaka wa hamsini na moja.
Macho hayaoni toka utotoni;
humjua kila mpigaji kwa pumzi
anayovuta kabla ya kutaja namba.
Miguuni pake mbwa, Halla, kidevu juu ya kiatu.
"Kanuni yenu yanipa ngapi?"
"Sita."
Akanyoosha mikono, akaigusa hewa kushoto na kulia
kama anayejaribu koti.
"Sita zangu. Na zake?"

Tuulikki akapiga magoti akampima Halla:
amejikunja, nusu mita;
amejinyoosha, moja na robo.
"Niandike alivyolala, au anavyoota?"

Mimi nilishachora njia ya hesabu,
visanduku na mishale, ukuta mzima wa karatasi.
Swali la kwanza: *Je, ni mtumishi?*
Ndiyo, shuka. Hapana, mshale unatoka nje ya karatasi,
na nje ya karatasi hapana kitu.
Nilikaa nikiutazama mshale ule
mpaka mhudumu akazima taa za ukumbi.

Jaribio la kwanza lilikuwa Alhamisi usiku.
Mashine ikakoroma, ikameza kadi zetu elfu na mia mbili,
ikatema karatasi ndefu kama sanda:
*Vyumba vya ziada, kumi na kimoja.*
Nikapitisha kidole.
Cha saba kilikuwa 314. Watu: sifuri.
Mia tatu kumi na nne ni changu.
Mfumo ukikamilika, mwenye kuupanga hana kazi;
niliiandika mwenyewe kanuni hiyo,
Novemba, nikiwa na haraka ya basi.

Sikulia. Nilimenya chungwa, nikala lote.

Safu ya themanini ilikuwa bado tupu.
"Iache," alisema Hyry, "ni akiba."
Nikarudi penye mashine ya kutobolea,
nikachukua kadi ya Saimi,
nikatoboa tundu moja, dogo kuliko punje ya mtama,
na kitabuni nikaandika kwa wino:
*80: alalaye chini ya meza.*

Jumatatu Hyry akasimamisha kalamu katikati ya ukurasa.
"Ubao wa simu, mita saba na robo.
Robo hii imetoka wapi?"

Nikakunja futikamba taratibu, pindo kwa pindo.
"Mashine ndiyo imesema," nikamjibu.
Akatia sahihi.