Doa la Divai

Jumatatu tunafunga. Viti viko juu ya meza, miguu hewani,
na Hester Prowse amekuja na kamusi na miwani yake ya kusomea
anisaidie kuitafsiri menyu,
maana Waingereza waliohamia bonde hili la Vézère
kila siku huagiza kuku na chipsi
kwa kuogopa majina.

Tuanze na confit, nikasema.
Akaandika: bata aliyehifadhiwa.
Maiti ndiye huhifadhiwa, Hester.
Bata huyu alilala na chumvi usiku kucha,
tukamzamisha katika mafuta yake mwenyewe
juu ya moto mdogo usioweza kumwamsha paka,
hadi nyama ikaagana na mfupa bila ugomvi.
Tangu Novemba yumo mtungini,
kajifunika shahamu yake, hadaiwi na mtu.
Akafuta. Akaandika upya, mistari minne kwa neno moja.
"Karatasi haitatosha," akasema.

Mijoter si kuchemsha. Kuchemsha ni kelele.
Mama yangu, Léontine, alikiinamia chungu kama anayesikiliza umbea:
kinasema *plup*, kinanyamaza,
unadhani kimekufa,
kinasema tena.
Kati ya neno na neno unaweza kwenda kulisha kuku.

Pain perdu, mkate uliopotea.
"Nani aliupoteza?"
Hakuna. Ni kiporo cha juzi, kigumu cha kumpigia mwizi;
tunakilowesha kwa maziwa na yai, tunakikaanga kwa siagi.
"Basi huo umepatikana."
Kweli. Lakini nani atalipa yuro sita kwa kilichopatikana?

Kwenye gratin kalamu yake ikakimbia: jibini juu.
Hapana! Jibini ni mgeni tu.
Gratin ni ukoko,
ule wa pembeni, wa kukwaruza kwa kijiko,
unaogombanisha watu wa tumbo moja.
Kaka yangu Aubin ana kovu la uma kiganjani. Uma ulikuwa wangu.
Kwao Cornwall, akaniambia, ukoko huloweshwa ukatupwa.
Nikamwongezea kahawa, kwa huruma.

Pets de nonne sikuyaeleza.
Nilimwonyesha kwa midomo upepo unaomtoka mtawa
akidhani yuko peke yake kanisani.
Miwani ilimwanguka kwa kicheko.
Kisha akaandika: vitumbua vidogo vitamu.
Mwongo mwenye adabu.

Kwenye tourin tulikawia.
Ni supu ya vitunguu saumu na siki kidogo.
Marafiki huwapelekea maharusi usiku wa manane,
wanagonga mlango hadi ufunguliwe,
nayo imo ndani ya chombo cha kukojolea. Kipya, Hester, kipya.
Safari hii hakucheka.
"Mimi na Desmond," akasema, "tulikula sandwichi kwenye treni.
Ya yai. Tuligawana."
Desmond yuko nyuma ya kanisa letu, mwaka wa pili huu.
Nikawasha jiko. Tourin ya jana ilikuwapo.

Tulikula bila kamusi.
Zilipobaki funda mbili za supu nikamwambia: usimalize.
Limebaki neno moja, chabrol.
Nikamimina divai nyekundu ndani ya bakuli lake, juu ya uvuguvugu,
juu ya macho ya mafuta yanayoelea.
Sasa weka kijiko. Viwiko mezani. Shika kwa mikono miwili,
kunywa ukingoni kama babu yangu aliyetoka kulima,
na usimtazame mtu.

Akanywa. Yote.
"Kwa Kiingereza ni nini?" nikamuuliza.
Akafungua kamusi, akaifunga.
Tone lilimtoka kidevuni likaangukia karatasi,
pale pale palipokuwa pakisubiri tafsiri,
zambarau, kubwa kama kifungo cha koti.

Menyu iko dirishani sasa.
Wageni huinama, hukwaruza kioo kwa ukucha
wakidhani ni uchafu,
kisha huingia kuuliza maana yake.
Hester, siku akiwapo, na siku hizi yupo hata Alhamisi,
hawajibu kitu.
Anavuta viti.
Mimi nafuata chupa.