Herufi ya Kwanza

Iliyotangulia kuondoka ni S.
Haikuaga.
Ndeonasia aliomba kisu, nikasikia kitu,
nikamuuliza, kitu gani, mama Kaanaeli?
Akanitazama kama namtania, machozi ya moshi yakimtoka.
Ndizi zilikuwa hazijamenywa.
Kisu kilikuwa mkononi mwangu.

Miaka ishirini na sita napuliza rangi
gereji ya Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Noa, pikapu, malori ya mchanga,
jeneza moja la tajiri aliyejichagulia mapema
zambarau ya kung'aa.
Kelele? Kidogo tu. Kompresa tumeifunga nje
kama mbwa mkali, inabweka hukohuko.
Ndani ni mimi na tina.

Tina unaijua. Tamu puani, baridi kiganjani.
Nimenawia mikono kila jioni kabla ya sabuni,
nimejikinga pua kwa kipande cha kanga,
nimekunywa maziwa nusu lita kila mchana,
maana mafundi wote tunajua maziwa yanafyonza.
Yanafyonza nini, yanakipeleka wapi,
hatukuwahi kumuuliza ng'ombe.

Zikafuata nyingine: SH ya manyunyu migombani,
F ya birika likikaribia kuchemka,
chiriku wote wa asubuhi.
Jogoo namwona akipanua mdomo,
anaufunga, anaondoka zake.
Ngurumo ya lori bado ninayo.
Hiyo haikutakiwa na mtu.

Hospitali walinifungia katika kachumba kama stoo,
wakanivika vidude masikioni: bonyeza ukisikia.
Nikakaa kama mtu anayengoja mgeni.
Dada wa vipimo akafungua mlango, mbona hubonyezi?
Kumbe mgeni alishapita mara tisa.

"Unavuta nini, baba?"
"Sivuti sigara."
"Sigara sijauliza."
Akaniandikia kwa herufi kubwa ili nisome:
mvuke unaingia kwa pua, unatembea na damu,
unafika hadi kwenye vinywele vya ndani ya sikio,
na vile vikishalala haviamki.
Nikamwomba anitajie kwa mdomo, ni kitu gani hicho.
Akasema: umu.
Rudia, mwanangu.
Umu.
Hata jina lake limeniingia bila kichwa.

Leo asubuhi kijana wetu mpya, Godlisten
(mama yake alimpa kusikia kuwe jina),
kajifunga kitambaa, kainua bunduki ya rangi,
mlango kaufunga kwa sababu ya vumbi.
Nikaenda nikaufungua.
Vumbi likaingia, likatua kwenye boneti mbichi.
Akanigeukia, akafoka neno.
Sijui neno gani. Lilikuwa refu.
Nikauegemea mlango kwa mgongo, usifungike,
nikangoja rangi ikauke.