Mifupa Minane

Wiki ya tatu nilikuwa bado nakariri kama kasuku,
kitabu kifuani, taa ya korido ikiniazima mwanga.
Ndahani akanivuta kidole gumba: "Funga hilo kitabu.
Mkono huu umekuja nao kutoka Mpwapwa. Utumie."

Tukaandika kwa kalamu ya bluu juu ya ngozi
mifupa ya kifundo, minne huku, minne kule.
Nikaenda nayo kula wali maharage, nikaenda nayo kufua;
povu likafuta majina, vidole vikabaki nayo.

Neva za kwapa zilinikataa.
Nikazichora kwa kijiti kwenye vumbi la Ng'ong'ona.
Upepo wa Dodoma hauna adabu, ukafuta.
Nikachora. Ukafuta.
Mara ya tisa sikuhitaji kijiti.

Jumamosi, buchani, tukanunua bega la mbuzi.
"Mnatafuta nini humo?"
"Kano."
Muuza nyama akacheka hadi akakaa,
kisha kwa ncha ya kisu akatuonyesha zinapoanzia.

Lakini mezani, ndani ya harufu ya fomalini, alikuwapo yeye.
Jina hatukupewa. Tulimwita Babu,
tukamwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kushika kisu.
Kiganjani mwake, chini ya kidole gumba,
sugu ya jembe, ngumu kama punje ya mtama.
Hakuna ukurasa ulioitaja.

Siku ya mtihani waliniuliza mifupa minane.
Niliitaja yote, nikijipapasa chini ya meza.
Sugu hawakuiuliza.