Kinachokunja

Jina lake lilianza kama tendo kwa Wamakonde,
daktari alituambia: kupinda, kujikunja.
Mama akacheka. Siku hiyo kicheko bado alikuwa nacho.
"Basi ni fundi mwenzangu,"
na magoti yake yameumuka kama maandazi.

Miaka ishirini na sita amekunja pindo za watu Kariokor,
sare za shule, suruali za mabwana harusi.
Mbu aliyemuuma hakungoja usiku wala neti.
Alikuja saa nne asubuhi, miguu ina mistari myeupe,
hana haraka, kama kanjo anayejua huna leseni.
Kama ni wa Mombasa, kwenye harusi ya Mwende,
au ni wa pipa letu hapa Umoja, tunalojaza Alhamisi
maji yakikumbuka kuja,
hakuna aliyeweza kutuapia.

Homa ilishuka Jumapili. Tukachinja kuku.
Jumanne akaniita Kifungo.
Akauliza mvua iko wapi, anataka mkasi.
"Kifungo, nani ameuloweka mtaa huu?"
Kisha mkono wa kushoto ukaanza kucheza peke yake.

Kenyatta, walimlaza ubavu,
wakamkunja magoti yakagusa kidevu
na kuchota maji ya uti wa mgongo.
Nilitarajia kitu cheusi. Yalikuwa safi
kama ya bomba mwaka wa uchaguzi.
"Ubongo umevimba," alisema Daktari Wambalaba,
polepole, kama mtu aliyeshika mkasi
juu ya kitambaa cha mwenyewe.

Sasa yuko nyumbani. Mguu mmoja unaburura ndara.
Majirani huleta uji, na juu ya uji, maneno:
presha, mawazo, mkono wa mtu.
Nasema: ni mbu.
Wananitazama kwa huruma, mimi, si yeye.

Jana nilimwekea kaki mapajani.
Vidole vikakunja pindo mara moja, mara ya pili,
imenyooka, bila futi.
Alipofika kwenye uzi akasimama,
sindano hewani,
akanitazama, midomo ikipapasa gizani.

"Ka," akasema.

Jina langu ni Katunge. Lina silabi tatu.
Sikumsaidia. Sijui kama nilifanya vyema.
Cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia,
pipa nimelifunika kwa sinia na tofali,
na kesho ni Alhamisi.