Mfuko wa Joho

Alikuja Nyawera na mita tatu za kitambaa cheusi
ndani ya mfuko wa duka la mkate,
viatu mkononi, kwani mvua ilishusha udongo
kutoka Kadutu hadi kizingiti cha cherehani yangu.
"Fundi, nimeteuliwa."
Nikatoa utepe shingoni.

Jina lake Nsimire, binti wa muuza lengalenga wa Panzi.
Mtihani aliufanya akiwa na mimba;
mtoto aliota meno, akajifunza kutukana,
ndipo amri ikasomwa, usiku, kwenye televisheni,
majina yakimwagika kama mahindi kwenye ungo.
Lilipokaribia lake, umeme ukakatika.
Jirani mwenye jenereta ndiye aliyepiga kelele ng'ambo ya ua:
"Mama Akonkwa! Wewe ni jaji!"
Hivyo ndivyo alivyoteuliwa, kwetu:
na rais asiyemjua sura,
na jirani mwenye petroli.

Nikimpima mabega akanisimulia
(mtu akiinua mikono hupata maneno)
habari za ufalme mmoja katika milima ya Himalaya,
aliozisoma miaka ile ya kungoja.
Huko pia kuna tume, majina hupandishwa juu,
watu huulizana: huyu amehukumu vipi, ameishi vipi.
Kisha mfalme huteua,
na jaji huvaa mtandio begani,
rangi yake ikitaja cheo kabla hajafungua kinywa.
Na wakuu wao huhesabiwa miaka;
ikiisha, shuka, hata kama kiti bado kina joto.

Nikauliza la fundi:
"Mtandio huo hauna mfuko?"
Akacheka. "Mtandio, mfuko wa nini?"

Mimi sikucheka.

Mwaka wa kesi ya kiwanja changu cha Cimpunda
nilisimama mbele ya joho nililolijua.
Pindo la kushoto lilikwenda kombo kidogo:
usiku nilipolishona, mke wangu alikuwa hospitalini.
Mwenye joho hakunikumbuka.
Aliniagiza mfuko wa ndani, upande wa moyo,
"mrefu, fundi, ufike kiunoni,"
nami nikaupitisha cherehani mara mbili, kwa uzi wa viatu,
nikajisifu: huu hautatoboka.

Haukutoboka.

Kiwanja kikaenda,
na miyenzi aliyoipanda baba mpakani ikaenda,
na mashahidi wangu watatu wakarudi kwa miguu.
Wengine huvuliwa nguo.
Mimi nilivuliwa na nguo niliyoishona.

Kwa hiyo simuulizi mtu mfalme ni nani,
wala tume ilikaa siku ngapi.
Nauliza: baada ya sahihi, baada ya mtandio,
nani anabaki na jaji saa nane mchana,
chumba kina joto, mshahara haujafika mwezi wa tatu,
na mwenye kesi amefunga mlango nyuma yake
akikohoa kwa adabu?

Nsimire akashusha mikono.
Alitazama alama za chaki kwenye kitambaa
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
"Fundi, niwekee mfuko."
Nikanyamaza. Cherehani nayo ikanyamaza.
"Wa leso. Mimi nikiogopa natoka jasho."

Nikaushona.
Upana wa kiganja, kina cha kidole,
kwa uzi wa bandi, ule dhaifu
unaoshikilia nguo mpaka fundi arudi.
Leso utaibeba.
Kizito zaidi ya leso, utakiachia sakafuni, mbele ya watu.
Sikumwambia.
Labda ni ufundi, labda ni kisasi; usiku huo sikulala vizuri.

Walimpeleka Shabunda kwa ndege ndogo
iliyobeba pia sabuni na mbuzi mmoja.
Bado nadai bei ya vifungo sita.
Watoto wangu husema: mtumie mtu, amdai.
Sitaki.
Nangoja aje mwenyewe, na joho lake mkononi,
nilikung'ute, niligeuze,
nilitazame kwa ndani.