Shingo Nyembamba, Tafadhali

Fundi Kapend hakuniuliza jina la bendi.
Alinishika mkono wa kushoto, akaugeuza
kama mama wa soko la Kenya anavyogeuza samaki,
akaona pale kidole cha mwisho kinapoishia
kabla ya kuanza.
“Tanuri?”
“Tanuri.”
Akachukua penseli, akauchora mkono wangu
juu ya mfuko wa saruji, vidole vitatu na gumba,
akaandika pembeni: shingo nyembamba.
Nikasema: tafadhali.

Vijana wa kwaya kule Katuba wanataka nyuzi tano.
Mmoja ana sita, anazipanda na kuzishuka
kama mjusi ukutani.
Mimi nilisema nne.
Hizo nne zenyewe sijamaliza kuzisikiliza;
ule mnene, wa sauti ya chini kabisa,
bado unanificha mambo.

Ubao nilikuja nao mwenyewe:
mlango mmoja wa kabati la mama, mninga mkavu
wa miaka arobaini, unaonuka naftalini na vitenge.
Chola, mke wangu, alinitazama nikiufungua bawaba.
“Na nguo zangu zitakaa uchi hadi lini?”
Fundi aliugonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili,
kama daktari kwenye mgongo wa mtoto mwenye kikohozi.
“Unapumua,” akasema.

Kisha shaba.
Masikio ya gitaa, sumaku na waya,
hakutaka kuyanunua yakiwa tayari.
Alifunga kijiti kwenye gurudumu la cherehani,
akakanyaga, na waya mwembamba kuliko unywele
ukaanza kujiviringisha,
yeye akihesabu kwa Kiruund, mimi kwa Kiswahili.
Umeme ulikatika kwenye elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Hakuinua kichwa.
Nikawasha simu, nikammulikia.
Miaka kumi na tisa niliipika shaba hii,
nikaiona ikipakiwa, malori yakiinama
kuelekea Kasumbalesa,
na haikuwahi kurudi hata kusalimia.
Sasa imerudi, imekonda,
inaomba nafasi ndani ya mlango wa mama.

Bei? Dola mia tatu na themanini:
mia mbili mkononi, magunia mawili ya unga,
na jenereta yangu mbovu
ambayo Kapend anasema si mbovu.
Iliyobaki, tutaongea.

Ampli nilikwenda kuitafuta mjini.
Muuzaji alinionyesha yenye taa za buluu,
sauti mia moja kwa kidole kimoja.
Nikamwomba ile ya pembeni, iliyochubuka,
spika moja ya inchi kumi na tano,
nzito kama mgeni asiyeaga.
Nikaazima gitaa la dukani, nikapiga uzi wa chini,
nikangoja.
Funguo zilizokuwa juu ya kaunta zikasogea kidogo.
“Hii,” nikasema.
“Hiyo ni ya zamani, mzee.”
“Hata mimi.”
Lakini mfukoni nilikuwa na nauli tu.

Jumanne gitaa likaja. Halina rangi, ni mafuta tu;
tundu la ufunguo wa kabati bado lipo chini ya daraja,
nilikataa lizibwe.
Shingo ikaingia kiganjani
na kidole kisichokuwepo kikanyooka, kama kawaida yake,
kuitafuta noti ya mbali,
kikakuta Kapend ameifupisha njia
na wenzake wamekwisha kufika.

Ampli hakuna. Umeme hakuna.
Usiku nikaegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati,
kwenye ule mlango uliobaki,
nikapiga.
Kabati zima likaitika: hanga,
vikombe vya harusi, sanduku la juu
ambalo hatujalifungua tangu msiba.
Chola, kutoka gizani:
“Nani anabisha hodi?”
Nikapiga tena.