Upenyo wa Kidole Kimoja

Kwanza nilizima meni swichi,
nikang'oa na fyuzi, nikaitia mfukoni,
maana Shija haoni kitufe akakiacha.
Friji ikaguna, ikanyamaza.
"Umeturudisha gizani," mama akasema kutoka uani,
anachambua karanga,
na jua la saa nne limemkalia begani.

Bafu letu la Isevya halina dirisha.
Lilikuwa nalo. Jirani akainua ukuta wa ghala lake
mpaka ukasimama pua kwa pua na nondo zetu,
tukaziba kwa tofali, yakaisha.
Tangu hapo mvuke hauna pa kwenda:
unapanda darini, unalala huko,
unaacha madoa meusi kama vidole vya mpika mkaa,
na taulo linanuka hata likitoka kambani.

Nilichora duara kwa penseli na mfuniko wa sufuria.
Tofali za baba ni ngumu.
Alizichoma mwenyewe, mwaka ule alipoingia karakana ya reli.
Drili ya kuazima ikalia, ikatoa harufu ya kuungua,
nikamalizia kwa patasi na nyundo,
nikilamba vumbi jekundu la mwaka ule.

Darini nilitambaa kwa tumbo, tochi mdomoni.
Nyaya alizovuta yeye ni nyekundu na nyeusi;
nilizonunua mimi, kahawia na bluu.
Nikapima kwa tesita. Nikapima tena.
"Waya hauna undugu," aliniambia nina miaka tisa,
akinishikisha koleo lililonizidi mkono.
Moto upitie swichi kwanza, ndipo ufike kwenye feni.
Nyutro inyooke moja kwa moja.
Na ethi?
Nyumba hii haikuwahi kuwa nayo.
Nikaigongelea fimbo ya shaba nyuma ya karo,
ardhi ikaipokea kwa shingo upande, inchi baada ya inchi,
kisha ghafla, kwa mvua ya juzi, ikaimeza.

Nikarudisha fyuzi. Feni ikazunguka, nzuri, ya kujivunia.
Nikabandika karatasi ya chooni kwenye wavu wake.
Ikaanguka.
Nikabandika tena. Ikaanguka.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikifikiri,
hadi nikautazama mlango:
mninga mtupu, kazi ya baba,
umekaa kwenye fremu yake kama kizibo kwenye chupa.
Feni haitoi hewa ambayo haikuingia.

"Mlango huo usiuguse."
Basi sikuugusa. Siku mbili tulioga,
feni ikivuma bure juu ya vichwa vyetu.
Siku ya tatu mama akatoka chumbani na randa,
imeviringishwa kwenye shati la kazi, kola imeliwa na jasho.
"Kidole kimoja," akasema.
"Kidole changu, si chako."

Nikaung'oa bawabani, nikaulaza juu ya benchi.
Maranda yakajikunja, mekundu, membamba,
yakinukia kana kwamba mti ulikatwa jana.
Mama akayaokota yote kwa kanga yake.
Sikumuuliza ya nini.

Sasa karatasi inanata kwenye wavu kama kupe.
Madoa niliyasugua kwa jiki, hayakurudi.
Kioo kinaonyesha sura, hata mtu ukiwa bado unatiririka maji.
Mama haisifii. "Linakula yuniti, dude lako,"
ndiyo salamu yangu ya kila jioni.

Lakini usiku, watu wakishalala,
nasikia swichi, tak,
na feni inaanza mvumo wake.
Jana nilipita kwenda kunywa maji.
Bomba halikuwa wazi. Ndoo haikugongana na kata.
Chini ya mlango, kwenye ule upenyo,
mwanga ulimwagika koridoni,
na ndani ya mwanga, kandambili mbili kavu,
zimesimama, hazisogei.
Juu ya feni, au chini yake, kulikuwa na sauti nyingine
ambayo feni ilikuwa inaifunika vizuri kabisa.

Nikarudi kitandani na kiu yangu.
Asubuhi nikaongeza umeme wa elfu tano,
namba zote ishirini nikazibonyeza polepole,
nisimwambie mtu.